ETI "MBONA DARASANI ANAPATA A?"

Najua nimepotea, lakini semista hii imetukaba koo: mara kozi waki, mara diskasheni, mara umeme unakatika na kazi hujaihifadhi. Leo sina vituko vya hosteli wala habari za bumu kuchelewa. Leo nina ugomvi. Aliyekuja kucheka anisamehe, arudi wiki ijayo.

Ugomvi wenyewe ni na sentensi moja. Nimeisikia kwa mashoga zangu wa hosteli, nimeisikia kwa kaka zangu pale kijiwe cha chipsi, nimeisikia hata kwa mtu mzima mwenye cheo chake ambaye sitamtaja. Sentensi yenyewe hii hapa: "Yule hana ugonjwa wowote, mbona darasani anapata A? Akili anazo, si aamue tu kula!"

Anayesemwa sitamweleza. Sisemi jina, sisemi kozi, sisemi katoka wapi. Na wala si mmoja, maana sentensi hiyo hiyo nilishaisikia nikiwa sekondari, ikisemwa juu ya msichana mwingine kabisa. Nitasema jambo moja tu ambalo wote mmeliona kwa macho: mtu anavaa sweta saa saba mchana, mwezi Machi, Tanga hii hii ambayo sisi wengine tunalala na madirisha wazi na bado tunalowa jasho. Mkaliona, mkacheka. Mkasema anaringa.

Mimi nasema sentensi ile ni hatari kuliko sahani tupu. Nina sababu, na nitazitoa moja moja. Mimi si daktari, nasoma ualimu, ila saikolojia tunaisoma na kusoma zaidi ya desa la mhadhiri hakukatazwi.

UGONJWA WENYEWE NI UPI

Unaitwa anoreksia nevosa. Tuuite anoreksia, inatosha. Jina lenyewe linadanganya, maana asili yake ni kukosa hamu ya kula, wakati wengi wenye ugonjwa huu njaa wanaisikia vizuri sana. Wanaisikia na wanaishinda. Mtu anapunguza chakula kidogo kidogo mpaka mwili unaanza kujila wenyewe. Anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Akijitazama kwenye kioo haoni hatari unayoiona wewe uliyesimama nyuma yake. Hedhi inaweza kukatika, moyo unapiga polepole, nywele zinanyonyoka, mwili unashindwa kujipasha joto. Hiyo ndo sababu ya sweta, ndugu zangu. Maringo hayamo.

Kilo sitaandika hapa hata moja, na ni makusudi. Mtu aliye ndani ya ugonjwa akiona namba anaigeuza ligi.

Na unaua. Katika magonjwa yote ya akili huu ni miongoni mwa yanayoua zaidi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2011 ulikuta kwamba katika kila watu 5 waliofariki wakiwa na anoreksia, 1 alijiua mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia "hayo mambo ya kujidekeza", namwambia aende akahesabu makaburi kwanza.

"ANA NGOMA HUYO"

Kabla sijafika kwenye hiyo A, nifagie uwanja. Maana kuna wanaosema si kujidekeza, ni ngoma.

Naelewa hofu hii ilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Rakai kule Uganda, watu walianza kukonda na kufa, na ugonjwa ukapewa jina la kukonda kwenyewe: Slim. Mwaka 1985 madaktari wakaandika juu yake kwa jina hilo hilo katika jarida la Lancet. Kwetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wazazi wetu waliishi miaka ile. Walizika ndugu, walizika majirani, na macho yao yakajifunza kitu kimoja: mtu akikonda, ujue. Macho hayo wakaturithisha sisi.

Lakini toka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure, mwenye virusi anayetumia dawa vizuri anaweza kuwa na shavu kukuzidi wewe unayemnong'ona. Kukonda hakutoi majibu ya damu. Kipimo ndo kinatoa. Na huyu dada mnayemsema, hata akienda kupima na majibu yakawa safi, nyinyi mtafanya nini? Mtafurahi, mtamwambia "haya, huna kitu", mtamwacha aendelee kufa kwa kitu kingine.

"UGONJWA WA WAZUNGU HUO"

Wa pili hawa nawapenda zaidi, maana angalau wamewahi kulisikia neno. Wanasema huu ni ugonjwa wa wazungu wenye friji zilizojaa. Sisi wa pwani tunapenda mwili, bibi harusi anafungiwa ndani anapikiwa ang'ae, mtu akikuona umenenepa anakusifu mbele za watu. Anoreksia itaingilia mlango gani?

Nitakuwa mkweli: ugonjwa kamili, kama ulivyo vitabuni, kwetu umeonekana mara chache. Mwaka 2004 daktari Frank Njenga na mwenzake waliandika katika East African Medical Journal juu ya anoreksia Kenya, na waliouona huko ni wachache sana. Lakini uchache wa waliohesabiwa na uchache wa wanaoumwa ni vitu viwili. Msichana anayepelekwa kwa mganga kutolewa pepo haandikwi kwenye daftari la daktari wa akili. Anayezikwa kwa jina la "vidonda vya tumbo" haandikwi pia.

Halafu mwaka 2007 ulitoka utafiti wa wanawake na wasichana zaidi ya 200 wa hapa hapa Tanzania. Ulikuta dalili za kuvurugika kwa ulaji zipo, na zinaongezeka kadiri mtu anavyokutana zaidi na vyombo vya habari na mambo ya Magharibi. Na kama mnadhani kupenda mwili mnene ni chanjo, waulizeni Fiji. Wale nao ni watu wa visiwani, nao wanapenda mwili uliojaa. Televisheni iliingia eneo la Nadroga mwaka 1995. Wakati huo hakukuwa na msichana katika waliohojiwa aliyesema anajitapisha ili apungue. Kufika 1998 walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ni televisheni tu, ya miaka ile. Sisi tunalala na simu chini ya mto.

Tena kuna mlango mwingine ambao hauhitaji televisheni wala Instagram. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Ghana uliopima wanafunzi wa kike 668 wa sekondari. Walipatikana 10 waliokuwa wamekonda sana kwa kujinyima chakula wenyewe. Hawakuzungumza habari za kuogopa unene. Walizungumza habari za dini, za kujizuia, za kuishinda nafsi. Someni hapo mara mbili, watu wa pwani. Kwetu nani atamuuliza mtu kwa nini kafunga? Leo Jumatatu, sunna. Ikifika Alhamisi, sunna. Wiki ijayo analipa kadha. Halafu sita za Shawwal. Sisemi vibaya juu ya saumu, mimi mwenyewe nafunga. Nasema saumu ina magharibi. Ina adhana, ina tende, ina uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi. Na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, iko wazi kwenye sura ya Al-Baqara. Saumu isiyo na futari ni kitu kingine kilichovaa kanzu ya saumu.

SASA TUJE KWENYE A

Hapa ndo nilipotaka kufika.

Kwanza nawakubalia. Ni kweli ana akili. Wenye anoreksia wamepimwa kwa vipimo vya kawaida vya akili, na kwa wastani hawako chini ya wenzao; kwenye baadhi ya vipimo wako juu kidogo. Kwa hiyo ile A wala si miujiza, na hajadesa.

Lakini jiulizeni, A ya kwetu inataka nini? Inataka mtu anayejibana. Anayefuata ratiba hata akichoka. Anayerudia ukurasa mara kumi kwa kuogopa kukosea. Anayeona nukta moja iliyopungua na asilale mpaka airekebishe. Sasa zitazameni sifa hizo mkiwa mmeshika sahani yake. Ni zile zile! A yake na njaa yake vinapikwa jiko moja. Nyinyi mnaichukua A kama ushahidi kwamba haumwi, wakati A inaweza kuwa upande mwingine wa ugonjwa ule ule.

Kuna kipimo cha karata ambacho wanasaikolojia wanakitumia sana. Unapewa karata uzipange, huambiwi kanuni. Unabahatisha: unapanga kwa rangi, unaambiwa sawa, sawa, sawa. Halafu kimya kimya kanuni inabadilishwa, sasa ni umbo. Hukuambiwa. Unaanza kusikia "umekosea". Mimi na wewe tunajikuna kichwa, tunajaribu njia nyingine. Watu wengi wenye anoreksia kali wanaendelea kupanga kwa rangi muda mrefu zaidi. Wanasikia "umekosea", wanaendelea. Si kwamba hawaoni rangi au hawajui kuhesabu. Kilichokaza ni ile bawaba ya akili inayogeuza mlango. Kate Tchanturia, Janet Treasure na wenzao wa King's College London wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Si kila mgonjwa yuko hivyo, na kwa wale wadogo wa umri tofauti huwa ndogo. Lakini kwa waliougua sana na kwa muda mrefu linaonekana tena na tena.

Sasa iweke kanuni ya karata pembeni, weka kanuni ya maisha: "nikila kidogo, niko salama". Iliwahi kufanya kazi. Alisifiwa kwamba kapungua, kapendeza. Kisha kanuni ikabadilika, sasa mwili unaharibika, mama analia, daktari anasema umekosea. Na yeye anaendelea kupanga kwa rangi.

Kipimo kingine ni cha kuchora. Unapewa mchoro wenye mistari mingi uunakili. Wengi wetu tunaanza na umbo kubwa kisha tunajaza ndani. Wenye anoreksia wengi wanaanza na vidogo vidogo, na picha nzima inawapotea. Wanawake wa Tanga mtanielewa kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Sasa fikiria mtu anayeweza kukuhesabia nukta zote za pindo bila kukosea hata moja, lakini mji haoni na jina hasomi. Kwenye sahani anaona punje, mafuta, kijiko. Haoni mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye kwao wanamsubiri Muheza kwa hamu.

NJAA INAFANYA NINI KICHWANI

Mtaniambia: basi alizaliwa hivyo. Sehemu, ndiyo. Ule ugumu wa kugeuka umeonekana hata kwa dada wa wagonjwa ambao wao hawaumwi, na utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba anoreksia ina mizizi kwenye damu ya ukoo, tena pamoja na namna mwili unavyotumia chakula. Lakini sehemu nyingine ni kazi ya njaa yenyewe, na hili tunalijua kwa njia ya ajabu kidogo.

Mwaka 1944, vita kuu ikiendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua wanaume 36 waliokataa kupigana kwa sababu ya imani zao. Walijitolea. Walikuwa wazima, hawana wazimu, hawana habari na mambo ya urembo. Kwa wiki 24 wakapewa kama nusu ya chakula walichozoea, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mnajua kilichotokea? Wanaume wale wakaanza kuota chakula. Wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wanakikata chakula vipande vidogo, wanakichezea sahanini, saa nzima. Wakanuna, wakajitenga, mapenzi yakawatoka. Walilalamika kwamba hawawezi kutuliza akili. Na vipimo vya akili walipopewa? Havikushuka! Karatasi inasema wazima, wao wenyewe wanajua si wazima.

Hapo ndipo sentensi yenu inapovunjika mgongo. Mtu anaweza kufaulu mtihani huku njaa ikiwa imekwisha kukalia kiti kingine ndani ya kichwa chake.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili akiwa ametulia. Ni mlaji mkubwa kuliko sisi tukiona ubwabwa wa harusini. Ukimnyima, anabana matumizi. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walikusanya picha za ubongo karibu 2,000, za wenye anoreksia na za wasio nayo. Gamba la ubongo la wagonjwa lilikuwa jembamba zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa mara 2 hadi 4 ya ile inayoonekana kwenye magonjwa mengine ya akili. Halafu wakaona jambo la kutia moyo: kwa wale walioanza kupona na kurudisha uzito, upungufu ulikuwa mdogo zaidi. Maana yake ubongo unarudi. Unarudi kwa chakula. Ndo maana kuchelewa ni dhambi.

"SI AAMUE TU"

Kuamua kunataka mambo matatu. Uione hatari, uipime, halafu uiache kanuni ya zamani ushike mpya. Njaa na ugonjwa vinagusa yote matatu.

Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Jacinta Tan na wenzake waliwahoji wasichana wenye anoreksia ili wajue kama wanaelewa maamuzi yao. Wengi waliuelewa ugonjwa vizuri kabisa. Walijua wanaweza kufa, waliweza kukueleza kwa ufasaha kuliko mimi ninavyoandika hapa. Lakini kifo kikiwekwa kwenye mizani upande mmoja na kukonda upande wa pili, kifo kilikuwa chepesi. Kuelewa kulikuwa kuzima. Mizani ndo ilikuwa imeharibika.

Kwa hiyo unapomwambia mtu wa hivi "amua", unamtuma dukani na mizani iliyoharibika, kisha unamlaumu kwa vipimo alivyorudi navyo. Akili ya kupata A na akili ya kujiokoa si kitu kimoja. Kwa wengi wetu zinatembea pamoja, ndo maana tunadhani ni moja. Anoreksia inazitenganisha.

"NI MTU MZIMA, MWACHENI"

Najua mwenye kusoma sheria hapa ameshaanza kukohoa. Atasema nikishaanza kumnyang'anya mtu uamuzi wake kwa sababu ya picha za ubongo, kesho nitamnyang'anya yeyote nisiyempenda. Hoja nzito, siidharau. Hasa kwetu, ambako mwanamke haihitaji sababu kubwa ili aitwe kichaa. Tanga tunayo hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe. Ilianza 1896 kama makao ya watoto waliotolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ipo mpaka leo. Zaidi ya miaka 100 watu wanatibiwa pale, lakini mtaani ukimtajia mtu Lutindi anadhani umemtukana. Kwa hiyo sitaki mtu achukue maneno yangu akamwite mwenzetu mwendawazimu. Si mwendawazimu. Mambo yake mengine yote anaamua vizuri kukushinda wewe unayemaliza bumu wiki ya pili.

Ila kuna tofauti kati ya kumheshimu mtu na kumtazama. Akipanda maleria ya kichwani, akawa anasema "niacheni nilale", utamwacha kwa sababu ni mtu mzima? Utambeba. Akipona utamwomba radhi kwa kumbeba, na yeye atakushukuru. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ipo tangu 2008, na inajua kwamba kuna wakati mtu anahitaji kupelekwa kutibiwa kabla hajakubali. Wakati huo uwe wa mwisho, usiwe wa kwanza. Lakini upo.

Upande wa pili kuna wale wa "mshindilieni ubwabwa". Nao nawaomba washushe mikono. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula kingi kwa ghafla unaweza kuvuruga chumvichumvi za damu, hasa fosfeti, na moyo ukasimama. Waliokuwa mateka wa vita walipokombolewa mwaka 1945 baadhi walikufa hivyo, wakiwa na chakula mbele yao. Aliyekonda sana anarudishwa kwenye chakula hospitalini, kwa vipimo vya damu, kidogo kidogo. Na kumwita mbele za watu kumlazimisha ale huku mmemzunguka mnarekodi na simu, huo ni ukatili. Usiupe jina la msaada.

Katikati ya hao wawili kuna njia. Hospitali ya Maudsley, London, tangu miaka ya 1980, ilijenga tiba ambayo kwa vijana inafanya vizuri kuliko nyingi: familia inachukua jukumu la chakula kwa muda. Wazazi hawalaumiwi. Wanakaa mezani kila mlo, kwa upole na bila kurudi nyuma, mpaka mwili na akili vipate nguvu, ndipo kijana anarudishiwa uamuzi wake hatua kwa hatua. Kwa watu wazima kuna pia mazoezi ya kulegeza akili, ya kujifunza kugeuka na kuona picha nzima, na huko wanaanza na michezo kabla ya kugusa habari za chakula.

Hilo la familia mbona ni letu? Sisi tuna sinia. Tumelelewa kula mkono kwa mkono. Tatizo ni kwamba sinia linaponya na linaficha. Watu sita kwenye sinia moja, anayefinyanga tonge moja kwa nusu saa hamumwoni. Mnamwona siku anaanguka kwenye ngazi.

NINACHOTAKA

Sitaki huruma zenu, nataka mambo manne.

Moja, acheni kusifu mtu kwa kupungua. Hamjui amepungua kwa gharama gani. Na acheni kumtania pia, hata kwa mapenzi.

Mbili, mkiona mwenzenu anakwepa kila mlo, anafunga mfululizo bila kufuturu sawasawa, anafanya mazoezi mpaka anatetemeka, anasikia baridi kwenye joto, anapotea chooni kila baada ya chakula, msimwachie yeye kazi ya kutambua. Aende mmoja anayempenda, faragha, aseme alichokiona, asiseme habari za sura wala mwili. "Shoga, nakuona una baridi na hulali, nina wasiwasi na wewe, twende wote." Atakataa. Rudi tena. Kukataa ni sehemu ya ugonjwa, usikichukulie kama jibu.

Tatu, mahali pa kwenda ni hospitali. Huku kwetu Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, anzieni huko. Semeni wazi: amekonda kwa kutokula, tunaomba vipimo vya damu na moyo, na tunaomba aonwe na wa afya ya akili. Akizimia, akiwa na maumivu ya kifua, au akianza kusema maneno ya kujiua, hakuna cha kusubiri asubuhi. Ndugu wakitaka na dua, iwepo dua. Dua haigombani na dripu.

Nne, na hili ni kwa wakubwa wa vyuo, wote kwa pamoja: mwanafunzi akidondoka GPA mnamwita, mnamuuliza, mnampa sapu. Akidondoka mwili na GPA imesimama hakuna anayemwita. Mfumo wenu unaona pindo tu. Mshauri wa wanafunzi asiyejua ugonjwa huu afundishwe, na mwanafunzi anayehitaji kuahirisha mwaka ili apone aahirishe bila kupoteza nafasi yake. A haitakimbia, itamsubiri.

Haya nimemaliza. Mwenye kunipinga aje na hoja, namsubiri, ila asije na ile sentensi. Tena wewe unayesoma hapa kimya kimya, umejifunika kanga mbili na joto hili, unajijua: hukosi akili wala imani, na wala hauko peke yako. Kichwa chako kina njaa, ndo maana hakikubali. Usisubiri kikubali. Mwambie mtu mmoja leo, akubebee uamuzi kwa muda. Utarudishiwa ukipona.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.